Dirisha la Mji wa Upepo

Jumatatu, 3 Machi

Siku ishirini na tano kabla ya kustaafu. Miaka thelathini na moja ya masjala inatosha! Nimeamka nimeshaamua: uzee wangu utakuwa ughaibuni, ufukweni, kwenye joto, miguu majini. Magoti yangu yameunga mkono hoja.

Imebaki kuchagua mji tu. Na nani ajuaye kuchagua kumzidi mkuu wa masjala? Nimefungua majalada matatu. Majina halisi siandiki hata humu, kuta zina masikio. Mji wa Ngazi, Mji wa Mnara, Mji wa Upepo. Kurasa zote zina namba: hali ya hewa, hospitali, umbali wa duka la mkate, tabia za majirani. Habari zinatoka kwa shemeji, kaka wa mke wangu, aliyekuwa fundi wa mitambo melini. Anazijua bandari zote, ingawa kila moja anaanza kuieleza kwa baa zake.

Mji wa Ngazi umeondolewa kabla ya chai. Ngazi mia mbili na kumi kutoka sokoni hadi nyumbani! Mji wa Mnara ndio wangu. Tambarare, kimya, maji ya uvuguvugu.

Mke wangu hajaunga mkono chochote. Amesema, bila kusimamisha cherehani, kwamba niende mimi na bahari yangu, yeye ana sketi kumi na nne za sare za shule. Nikamwambia atazoea. Akajibu kwamba wazoee samaki. Sasa, fomu ya wastaafu ina nafasi ya makazi mapya, na inataka sahihi ya mume na ya mke. Mwisho wa kuirudisha ni Jumatatu ijayo. Bila yeye siendi popote, maana bila yeye sijui hata soksi zangu zinakaa wapi. Lakini sina wasiwasi. Wiki nzima ni muda mrefu kwa mtu mwenye mbinu.

Jumanne, 4 Machi

Balaa! Mhasibu naye anastaafu mwezi huu, na naye anataka ufukwe wa ughaibuni! Ametangaza kwenye foleni ya chai. Huyu ndiye aliyenunua koti kama langu wiki moja baada yangu. Kisha viatu. Kisha akafuga masharubu. Anasema mji hajachagua, bado anasikiliza. Alipokuwa akisema anasikiliza alinitazama mimi.

Nikae kibarazani Mji wa Mnara, nigeuke, nimwone Mhasibu kibaraza cha pili? Afadhali nirudi kazini.

Nimepata mpango, na ni mzuri. Jalada la Mji wa Mnara nimelibandika jina jipya: Matengenezo ya Bomba la Choo, Ghorofa ya Pili. Hakuna binadamu atakayelifungua. Jalada la Mji wa Upepo nimeligonga mhuri mwekundu wa SIRI, mara mbili. Kama kuna kitu masjala imenifunza, ni hiki: ukitaka karatasi isomwe na ofisi nzima, igonge mhuri wa SIRI.

Mji wa Upepo wenyewe, kwa maelezo ya shemeji, haufai hata kwa adui, isipokuwa adui huyu. Mchanga unaingia mpaka ndani ya sukari. Upepo uliwahi kung'oa paa la kituo cha kupima upepo.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi nzima nimeandika jalada la uongo. Nimepiga chuku bila haya. Upepo nimeuita hewa safi inayotembea yenyewe. Mchanga nimeuita laini. Na ili Mhasibu aamini kwamba ni jalada langu hasa, nikamtia na mke wangu, ukurasa wa saba. Nimeandika kwamba chumba cha mashariki kiwe chake, chenye dirisha pana linalotazama bahari. Cherehani ikae hapo, akiinua macho kwenye mshono aone maji. Miaka thelathini ameshona akiutazama ukuta.

Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Kalamu ilikuwa imechangamka.

Saa saba nikaliacha mezani, pembe moja imejitokeza chini ya gazeti. Nikaenda kula. Niliporudi, halipo! Nilisikia kikohozi cha Mhasibu kikiishilia kwenye korido. Amenasa!

Alhamisi, 6 Machi

Bomba la choo, ghorofa ya pili, limepasuka.

Nani angetabiri? Miaka yote hiyo halikuwahi hata kuvuja! Maji yalishuka ngazi kama wafanyakazi saa ya kutoka. Mkurugenzi akaagiza jalada la bomba. Karani wangu, mama mtu mzima asiyekosea jalada hata siku moja, akampelekea. Mimi wakati huo nilikuwa chini, nimekunja suruali, naokoa barua za zamani.

Nilipofika juu nikihema, Mkurugenzi alikuwa ukurasa wa kumi na moja, kwenye machweo. Aliniuliza bomba lipo ukurasa gani. Nikasema bado linafanyiwa utafiti. Akaniambia jalada libaki kwake, alisome kwa utulivu.

Jioni limerudi. Pembeni ameandika kwa wino wa kijani kwamba ameliona, kwamba panapendeza, na kwamba yeye anastaafu Juni, hivyo tutakuwa pamoja. Pamoja! Mtu huyu huitisha kikao hata cha kuchagua kalamu. Ataniitisha kikao ndani ya maji.

Basi Mji wa Mnara umekufa. Haidhuru. Shemeji ana bandari nyingine, na Mhasibu angalau anaelekea kuzikwa mchangani. Ushindi wa nusu ni ushindi.

Ijumaa, 7 Machi

Mhasibu amekuja kazini na kofia ya ukili. Ametangaza kwamba yeye na mkewe wamepata mji, wenye hewa safi inayotembea yenyewe. Maneno yangu, neno kwa neno! Nilimpongeza. Nilimvika kilemba cha ukoka mpaka kikamfunika macho. Nikamwambia mtu mwenye jicho la kuchagua huzaliwa nalo.

Karani alikuwa anatusikiliza. Mhasibu alipoondoka akasema, akipanga karatasi zake taratibu, kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikamwuliza ana maana gani. Akasema hana maana, ni methali tu. Huyu mama ana wivu na watu wenye mipango.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeingia nyumbani, cherehani kimya. Jumamosi! Wateja watatu wamekaa nje, ndani hakushonwi. Mke wangu kakaa mezani, mbele yake jalada. Mihuri miwili ya SIRI.

Kumbe mke wa Mhasibu ni mteja wake. Alileta gauni la kupunguzwa, akaleta na jalada, amwonyeshe mke wangu jinsi ninavyompenda. Ukurasa wa saba ulikuwa umekunjwa pembe.

Aliniuliza kama ni mimi niliyeandika. Nitakataaje mwandiko wangu? Akasema miaka yote hiyo alidhani sijauona ule ukuta. Akasema hakukataa bahari, alikataa kubebwa kama sanduku. Kisha akasema anakwenda. Mji wa Upepo, na si mwingine. Fomu ameshatia sahihi, na mke wa Mhasibu ameshapata nyumba mbili zinazochangia kibaraza.

Nilifungua mdomo niseme ukweli. Naapa nilifungua. Lakini akacheka, kile kicheko ambacho sijakisikia tangu mtoto wetu wa mwisho aondoke nyumbani, na mdomo ukajifunga wenyewe. Niliona aibu. Pia nilifurahi mno. Nilikunywa chai nikiwa na hayo yote mawili tumboni.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwita shemeji faraghani. Nimemwuliza kuhusu madirisha ya Mji wa Upepo. Alicheka mpaka akashika meza. Nyumba za kule, anasema, hazina dirisha upande wa bahari. Hata moja! Ni ukuta mtupu wa mawe, unene wa mkono mzima, kwa sababu ya upepo. Amempigia simu mwenye nyumba mmoja wa kule, mbele yangu. Mwenye nyumba kasema ukitoboa upande ule, siku ya kwanza cherehani inaondoka na mshonaji wake.

Maji yamezidi unga. Shemeji ananishauri nimwambie dada yake ukweli leo leo, fomu ikiwa bado ipo nyumbani. Anasema atakasirika siku tatu, kisha tutachagua mji mwingine, wawili, kama watu. Mtu mwema shemeji, lakini utawala haujui.

Jumatatu, 10 Machi

Fomu imerudishwa saa mbili na nusu, sahihi mbili, makazi Mji wa Upepo. Mhasibu alikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Ameniita jirani.

Mchana mke wangu amekata kitambaa cha pazia. Buluu, kizuri, alikuwa amekiweka akiba bila kujua cha nini. Aliniuliza upana wa dirisha. Nikamwambia mita mbili na robo. Hata robo nimeitaja! Papo hapo mpango ukanijia mzima, bila kasoro. Nimemshauri alishone zito, la tabaka mbili, na mwanzoni tusilifungue kabisa, maana mwanga wa baharini ni mkali kwa macho ya mshonaji. Akakubali mara moja. Akasema nimeanza kuwa mtu wa kumfikiria mwenzake. Hapo dhamiri ilinichoma kidogo.

Lakini pazia likishatundikwa, nani atajua nyuma yake kuna mawe? Kesho asubuhi natafuta fimbo ya pazia, mita mbili na robo.