Safari ya Raundi Elfu Moja na Mia Tano

Ifahamike kwa wote kwamba Safari Kuu ya Kibiashara ya Shirika la Madawati iling'oa nanga Jumatano saa mbili kamili asubuhi, na ilipotimu saa mbili na robo tulikuwa tumeshaupita mlango wa choo mara ishirini na sita.

Nina hakika na hesabu hiyo kwa sababu usukani nilikuwa nimeushika mimi. Nimeendesha magari miaka arobaini, lami na mchanga, nikalala kwenye mipaka ambayo hata walinzi wake hawajui inaanzia wapi. Safari iliyoandaliwa vizuri kama hii sijapata kuiona.

Mteja wetu alikuwa Mwalimu Mkuu wa shule iliyo kilomita mia mbili na kumi kutoka kwetu. Watoto wake wanaandika wamelala kifudifudi sakafuni, naye alitaka madawati mia tatu. Sharti lake lilikuwa moja tu: mkataba usainiwe kabla ya Ijumaa adhuhuri, la sivyo ananunua viti vya plastiki kwingine. Karakana yetu haikuwa na kazi nyingine. Mama Randa, fundi mkuu, alikuwa ameshawaambia mafundi wake, "Hii ikitupita, Jumatatu kila mtu abebe msumeno wake aende kwao."

Ni mwendo wa saa tatu. Mtu asiye na elimu angewasha gari akaenda. Lakini Mwongozo wa Maandalizi ya Safari, alioutunga Mkurugenzi mwenyewe, unasema hakuna safari ya kikazi bila mazoezi kamili ya urefu uleule. Uwanja wa ofisi ukiuzunguka mara moja ni mita mia moja na arobaini. Afisa Mipango akapiga hesabu: raundi elfu moja na mia tano.

Gari lilishiba. Nyuma alikaa Mkurugenzi, katikati Afisa Mipango, pembeni Afisa Itifaki. Naibu alikaa mbele na mimi. Naibu wa Naibu alijikunja kwenye mizigo, kwa kuwa hakuna mkubwa aliyekubali kubaki mwenzake akienda.

Kila kitu kilifanyiwa mazoezi. Kilomita ya sitini tulipata pancha: tukafungua tairi zima, tukalitazama kwa masikitiko, tukalirudisha. Kilomita ya themanini mifugo ilikatiza barabara. Karani wa masijala alikuwa ameteuliwa mbuzi, akakataa. Akasema kwa cheo chake anastahili ng'ombe. Kikao kikakaa, akapandishwa. Jioni, kilomita ya tisini na sita, kila mmoja alikwenda kwake kwa kibali maalumu cha kulala njiani.

Alhamisi, karibu na saa sita, pikipiki iliingia getini. Aliyeshuka alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa Mwalimu Mkuu.

"Mama, poleni sana," alimwambia Mama Randa aliyekuwa mlangoni mwa karakana. "Tangu jana napiga simu naambiwa wako njiani. Njia ya saa tatu! Nimekuja nachungulia kila mtaro. Wamepatikana?"

"Wamepatikana, mwalimu. Hao wanapita."

Tulipita. Mwalimu alitukimbilia, mkoba wa mkataba kwapani.

"Bwana Mkurugenzi, ni mimi!"

Mkurugenzi alishusha kioo vidole viwili. "Mwalimu, mimi sipo hapa. Niko kilomita ya mia moja arobaini na moja. Tutaonana kwako." Kisha akaniambia, "Dereva, usisimame, hapa hakuna kituo." Akampungia mkono kwa heshima zote.

Raundi iliyofuata Mwalimu alikuwa bado anakimbia. "Saini moja tu, mzee! Watoto wanaota sugu viwikoni!"

"Subira, mwalimu. Haraka haraka haina baraka," alisema Afisa Itifaki, akapandisha kioo.

Raundi ya tatu alikuwa amesimama, ameshika magoti, anahema. Mama Randa alimpelekea maji. "Kunywa, baba. Hawa ukiwakimbiza utakufa, maana wao hawafiki."

Dereva hana usemi, hilo nalijua. Ila kioo changu kilikuwa wazi, na mdomo wangu nao ukafunguka. "Dada, kanuni ya tisa," nikamwambia Mama Randa. Raundi iliyofuata nikamalizia: "Muhuri."

Kanuni ya tisa inasema wakubwa wakiwa safarini, muhuri hushikwa na mtumishi wa siku nyingi kuliko wote waliobaki. Mkurugenzi aliiandika ili manaibu wasimkalie kiti. Mama Randa ana miaka thelathini na mmoja karakana. Akafuta gundi mikononi, akaingia ofisini. Tulipopita dirishani tulimwona amesaini. Tulipopita tena, anagonga muhuri. Mkurugenzi pia aliona.

"Anafanya nini yule?"

"Sisi hatuoni, mzee," alisema Afisa Mipango akitazama daftari. "Tuko kilomita ya mia moja arobaini na tatu."

Kilomita ya mia moja themanini na saba mafuta yaliisha. Kibali cha mafuta husainiwa na mkuu aliyepo kituoni, kwa hiyo Afisa Itifaki alitumwa kugonga mlango. Mama Randa alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mkurugenzi yuko safarini," akamjibu. "Akirudi, atasaini mwenyewe."

"Hawezi kurudi bila mafuta."

"Basi mpeni pole."

Madawati mia tatu yalifika shuleni wiki sita baadaye. Lori niliendesha mimi, saa tatu na dakika kumi, bila mazoezi. Mwalimu Mkuu ameagiza kabati. Karani wa masijala bado analipwa kwa daraja la ng'ombe. Afisa Mipango na Afisa Itifaki waliomba kazi karakana. Wanapiga msasa, na mmoja anajitahidi. Manaibu waliteremka garini kila mmoja kwa siku yake, kwa likizo ya ugonjwa. Mama Randa ana muhuri, nao hukandamizia mbao zinazokauka gundi. Mkurugenzi hajapoteza cheo. Kila asubuhi hukaa kiti cha nyuma, tairi zimelala chini zote nne, akaandika barua ya kuomba kibali cha kurudi. Barua hupokelewa masijala kwa utaratibu, na hujibiwa siku hiyohiyo, akitakiwa safari njema.