Winchi ya Viazi na Amri Zilizochelewa

Jumatatu, 2 Juni 2003. Makambako.

Baridi. Nimeamka nimechoka, kama kawaida. Shangazi Zaitun kaniita dukani kabla sijanywa chai. Ananunua viazi ng'ambo ya Njombe, kwenye bonde ambalo lori haliwezi kushuka. Sasa kafunga winchi juu, kando ya barabara, ivute kigari cha magunia kutoka mashambani. Tatizo ni ukungu. Mwendesha winchi hamwoni anayepakia chini, na jenereta inameza kelele zote. Filbert, fundi redio wa Njombe, kapendekeza kengele. Kengele! Zama hizi!

Nikasema nitaweka kompyuta mbili za mtumba, moja chini, moja juu, zimeunganishwa kwa waya wa simu. Aliye chini anabonyeza VUTA, SIMAMA au LEGEZA. Winchi inatii yenyewe. Shangazi kauliza kama itakuwa kama ile mashine yangu ya kuangulia vifaranga. Nikasema hapana. Akasema haya, Aziz, lakini hii ndiyo mara ya mwisho. Alisema kwa upole. Upole wake unanichosha kuliko matusi.

Jumatano, 4 Juni. Njombe.

Shangazi kamleta Filbert afunge swichi za winchi. Bila kuniuliza! Filbert naye kumbe kasoma mambo ya kompyuta. Kauliza amri zangu zitasafiri kwa TCP au UDP.

Nilijua tofauti ya njia hizo mbili za kompyuta kutumiana ujumbe. TCP ni kama foleni ya benki: kila amri inasubiri zamu yake, ikipotea njiani inatumwa tena, na za nyuma yake haziruhusiwi kupita. UDP ni mpiga debe wa stendi: anatamka mara moja, ukisikia umesikia, usiposikia shauri yako. Nilikuwa naelekea UDP. Filbert akasema hata yeye angechagua UDP, maana kitu kinachotembea hakingoji foleni.

Basi nimechagua TCP.

Alhamisi, 5 Juni. Bondeni.

Siku mbaya. Chini alikaa Hilda, mwenye shamba, kwenye kompyuta. Yosefu ndiye mpakiaji. Asubuhi mambo safi. Kisha ukungu ukalowanisha viungio vya waya. Hilda kabonyeza VUTA. Kimya. Kabonyeza tena. Kimya. Kajaribu SIMAMA, LEGEZA, VUTA, kila kitu, kama mtu anayebisha hodi nyumba isiyo na watu. Mwishowe kaacha, kaenda kula viazi vya kuchoma.

Waya ukazinduka. Amri zote zikafika. Kwa mpangilio! Kigari kikapanda, kikasimama, kikashuka, kikapanda, hakuna mtu aliyegusa kitu. Yosefu alirukia mtaroni. Magunia yakamwagikia kijitoni. Hilda alisimama akitazama viazi vyake vya msimu mzima vikielea.

Niliwaeleza kwamba hakuna hata amri moja iliyopotea. Sijui kwa nini hilo halikuwafariji. Filbert kasema amri ya zamani haina faida kwa kigari cha sasa, afadhali ingepotea. Nimechoka na Filbert.

Jumamosi, 7 Juni. Bondeni.

Nimehamia UDP. Nimewaambia wote ni wazo langu. Filbert alikuwa anakaza nati, hakuinua kichwa.

Maajabu! Hilda anagusa, winchi inaitika papo hapo. Kigari kikapanda na kushuka kama cherehani. Hilda kacheka kwa mara ya kwanza. Nikaagiza nyama.

Nyama haijafika, koti la Yosefu likanasa kwenye ndoano ya kigari. Akapiga ukelele. Hilda akabonyeza SIMAMA. Mara moja, kama nilivyomfundisha. Ile SIMAMA ikapotea kwenye waya uliolowa ukungu. Hakuna aliyeirudia. Yosefu akapanda mlima mzima akiburuzwa kando ya magunia, akatufikia huku juu bila kiatu kimoja. Nikaganda. Filbert ndiye aliyerukia jenereta na kuizima.

Mkono umevunjika. Nilimsindikiza hospitali mjini, nikimshikia kile kiatu kilichobaki. Njiani aliniuliza kitu kimoja tu:

"Hivi ile kompyuta ilijua kwamba mimi niko pale?"

Nikasema haijui kitu. Akaitikia kwa kichwa. Nyama sikuila.

Jumatatu, 9 Juni. Njombe.

Filbert kaja na wazo lake mbele ya shangazi. UDP ileile, ila kidole kikiwa kwenye kitufe, kompyuta iseme "vuta, vuta, vuta" bila kukoma. Neno moja likipotea, linalofuata liko njiani. Kidole kikitoka, au waya ukikatika, winchi haisikii kitu, na isiposikia kitu isimame yenyewe.

Nikapinga. Nikasema ni kelele tupu, hakuna utaalamu. Shangazi akaniuliza:

"Aziz, baba, wewe ungepanda kigari cha nani?"

Nikainuka, nikaenda kukunja waya.

Walijaribu mchana, kule bondeni. Filbert mwenyewe kachomoa waya makusudi katikati ya mlima. Kigari kikatulia tuli. Hilda kapiga vigelegele. Na mimi nilipiga makofi kidogo, ili wasiseme.

Alhamisi, 12 Juni. Barabarani.

Filbert kapewa winchi. Mimi nimepewa utingo kwenye lori la shangazi. Dereva ni Mustapha, mtu mpole, analalamikia goti lake kila anapokanyaga breki kwenye miteremko. Nimemwonea huruma. Nikamweleza mpango: kompyuta moja chini ya kiti, waya mpaka kwenye magurudumu, mguu upumzike.

Kauliza breki itashika saa ngapi.

Nikamtuliza. Nikamwambia nitatumia TCP, kwa hiyo itashika tu, hata ikichelewa kidogo.

Kasimamisha lori. Kaniomba kwa heshima zote nikakae nyuma, juu ya magunia. Sawa. Huku kuna nafasi ya kutosha ya kupitisha waya.