Ng'ombe wa Sita Yuko Nyuma ya Kufuli

Jumatatu, 3 Novemba 2025. Birongo.

Sasa mimi ni mwandishi wa mtandao. Mjukuu wangu Linet, mwenye saiba, duka la kompyuta, pale Masimba, amenifungulia ukurasa. Mwanzo wa hadithi ni bure, mwisho una kufuli. Anayeutaka analipa kwa simu. Nimemwuliza kama kufuli hiyo ni ya kweli. Ameapa. Basi naweza kuandika hata siri ya mwaka 1979.

Siri yenyewe: mahari ya Bonareri, mke wangu, ilikuwa ng'ombe sita. Nilipeleka watano. Siku ya soko nikamchukua mmoja wao malishoni, nikampaka masizi kwenye baka jeupe la paji la uso, nikampeleka tena kama wa sita. Walimpokea kwa vigelegele.

Aliyekuwa akichunga ni Omosa, shemeji yangu, mdogo wake Bonareri. Alichapwa kwa kupoteza ng'ombe. Huko kwao Kenyenya wanamwita Mpotezaji mpaka leo, na ana wajukuu. Asijue kamwe.

Jumanne, 4 Novemba.

Sura ya kwanza imetoka: ng'ombe amepotea. Aliyelipa ni mmoja, Manasseh, mzee wa kanisa la Sabato. Wanaojua hadithi ni kituo kizima cha majani chai. Wakingoja lori ije kupima, Manasseh anawasomea kwa sauti, vikapu chini, midomo wazi. Nimemwambia huo ni wizi. Amesema simu ni yake, na mdomo ni wake. Persis, jirani yangu, nilimwomba alipe. Amesema atamngoja Manasseh, ana sauti nzuri kuliko maandishi yangu.

Jumatano, 5 Novemba.

Linet anasema nitoe zaidi bure ili wasomaji waongezeke. Pia anasema nifiche zaidi ili walipe. Nimeelewa. Nitoe nikificha, nifiche nikitoa. Sijaelewa.

Nimetoa bure kipande kitamu: mtoto mchungaji, viboko, mlima wa Kenyenya. Kabla ya chai ya saa kumi, msomaji mpya. Anatoka Kenyenya kwenyewe, amelipa mwaka mzima kwa mkupuo. Anajiita Mpenda Ng'ombe. Linet ameniuliza, Sokoro, babu yangu, huko si kwa wakwe zetu? Nimemjibu kufuli ni kufuli. Nimemtumia huyo bwana shukrani na baraka za uzee.

Alhamisi, 6 Novemba.

Dawa ya Manasseh nimeipata. Sura ya mwisho itatoka Jumamosi asubuhi. Msabato hagusi simu mpaka jua lizame, na majani hayachumwi. Atamsomea nani?

Bonareri ameniuliza kwa nini nacheka peke yangu migombani. Nimesema ni tumbo.

Jumamosi, 8 Novemba.

Imetoka saa tatu. Mpaka saa saba hakuna aliyefungua. Nilisahau kwamba wasomaji wangu, wa bure na wa kulipa, karibu wote ni Wasabato, kumi na tisa wako kanisani na simu zimezimwa. Mimi mwenyewe nilitoroka ibada kuhesabu.

Baada ya saa saba alifungua mmoja tu, yule wa Kenyenya. Mkatoliki, bila shaka. Linet anasema amesoma mara tatu. Huyo ndiye msomaji.

Jumapili, 9 Novemba.

Omosa amekuja baada ya misa, na wazee wawili na kamba.

Shemeji hapazi sauti kwa shemeji, hiyo ni heshima yetu, kwa hiyo hakupaza. Aliweka simu mezani, akauliza kama msomaji aliyelipa anaruhusiwa swali moja. Akasema alikuwa na miaka tisa. Swali lenyewe hakuliuliza.

Nikasema ni hadithi ya kubuni. Bonareri akauliza kutoka jikoni kama na masizi ni ya kubuni, maana yule ng'ombe alichafua leso ya mama yake na hakuna aliyejua kwa nini. Kisha akasema, kumbe mimi niliolewa kwa ng'ombe watano na rangi. Akaenda mwenyewe kumfungua ng'ombe wangu wa maziwa.

Langoni mzee mmoja akasema, Omosa, shika kamba vizuri. Alimwita Omosa. Hakumwita lile jina lingine. Omosa alisimama kidogo kabla ya kuondoka. Mimi niliangalia migomba.

Jumatatu, 10 Novemba.

Chai ya rangi. Manasseh amesoma sura ya mwisho kituoni. Wamecheka mpaka lori ikapiga honi mara mbili. Sita wamelipa. Hata Persis.

Kumbe watu wanataka ukweli. Nimeanza hadithi mpya: jinsi nitakavyomrudisha ng'ombe wangu kutoka Kenyenya. Siku, saa, njia nitakayopita, na masizi nitakayobeba, yote yamo. Safari hii kufuli mbili.

Linet anasema Omosa ameshalipa mpaka Novemba mwakani, kila nikiandika atafunguliwa. Si neno. Juu kabisa nimeweka kwa herufi kubwa: OMOSA ASISOME.