Silikoni ya Bafuni kwenye Kioo cha Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Wiki ya pili bila mke. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Nakula nimesimama, sufuria mkononi, kama mwizi jikoni kwangu mwenyewe.

Kosa lenyewe halikuwa kubwa kihivyo. Niliunga waya wa hita ya kuogea kwa mikono yangu, basi. Mke wangu akapigwa shoti akiwa na povu kichwani. Akaenda kwa mama yake na povu hilohilo sikioni. Alichosema mlangoni: siku nitakayoweza kumwachia fundi kazi ya fundi, nimfuate. Nikamjibu kwamba mimi nauza mabomba na masinki, mambo ya maji nayajua. Akasema ndiyo maana anaondoka.

Leo Mungu kafungua mlango. Mama mkwe kaja dukani kutafuta koki. Nikampa shikamoo ya heshima zote, nikamvutia kiti. Akalalamika kuwa kioo cha pembeni cha gari lake, kile cha kushoto, mvua ikinyesha kinajikunja na kujikunjua chenyewe. Wapita njia wanadhani anawakonyeza. Mwalimu mstaafu! Alikuwa njiani kwenda kwa Daktari. Huyu ni fundi umeme wa magari, kapewa jina hilo kwa sababu hutega sikio kwenye boneti kabla ya kuifungua. Kwa mama mkwe hunywea chai kikombe cha wageni. Mimi, mkwe wa nyumba, napewa cha plastiki.

Nikamwambia mama kwamba Daktari kafiwa. Na shangazi yake. Kasafiri kuzika, harudi leo wala kesho. Sijui ilitoka wapi, ilitoka tu. Mama akashika kifua, maskini. Nikasema asihangaike, nitamtengenezea mimi.

Jumanne, 4 Machi

Ushindi!

Nimekifungua kioo uani kwa mama. Nyaya za mlangoni zinaingia kwenye kioo kupitia soketi ndogo, na soketi ina raba nyembamba ya kuzuia maji. Raba imechanika. Maji yanapenya, umeme unapita pasipotakiwa, mota ya kioo inachanganyikiwa. Shida ya maji! Uwanja wangu kabisa! Nikaitupa raba, nikaijaza soketi silikoni ya kuzibia mabafu, karibu nusu tyubu. Ua mzima ukanuka siki. Mama akauliza kama natengeneza gari au saladi.

Ilipokauka, mke wangu akatoka na ndoo, akakimwagia kioo maji yote. Tuli. Akabonyeza swichi: kikajikunja kwa adabu, kikajikunjua. Akacheka. Jamani, akacheka, nikauona ule mwanya wake! Chai nikaletewa kwenye kikombe cha wageni.

Nilitaka kumwambia pole kwa ile shoti. Neno lilifika kooni kabisa. Badala yake nikamweleza habari za silikoni, kwa kirefu, za rangi zote na za bei zote, mpaka akarudi ndani.

Jumapili, 9 Machi

Mvua kubwa. Nimepiga simu kwa mama kuuliza hali ya kioo. Kizima. Nikauliza hali ya mke wangu. Akasema yupo, na kwamba swali hilo ndilo lingetangulia.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwisha.

Mke wangu kanisimulia kwenye simu, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Mama alikuwa anatoka getini kinyumenyume, kioo kikajikunja, kikagoma kufunguka. Akagonga nguzo, taa ya nyuma ikapasuka. Ikabidi aende kwa fundi. Na kwa kuwa ni mtu mwema, akakumbuka msiba. Akapitia dukani kununua mfuko wa sukari, akaenda gereji kumpa Daktari pole. Akamkuta chini ya gari anapiga mluzi! Akamsubiri atoke, akamshika mkono wenye grisi, akainamisha kichwa, akamwambia kazi ya Mungu haina makosa. Daktari akaitika amina. Kisha akauliza nani kafa.

Hana shangazi. Hajawahi kuwa na shangazi.

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga. Yangu haikufika hata kona.

Safari hii Daktari hakutega sikio, alitumia pua. Akasema silikoni ya bafuni ikiwa inakauka hutoa siki, na siki hula shaba. Nyaya zilikuwa zimegeuka kijani kwa kutu, zinakatika kwa ukucha. Alikiri kwamba maji ya nje hayakuingia hata tone. Hapo nilifurahi kidogo, naona aibu kuandika. Akakata pote palipoharibika, akaunga upya, akaweka soketi mpya na raba yake. Sukari alitaka kuirudisha. Mama akakataa, akisema pole ikishatolewa imetolewa.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeenda kwa miguu yangu. Mama mkwe alinikalisha, akamaliza kumenya viazi vyote kabla hajaniangalia. Akasema, baba, kioo ni kitu tu, na taa ni kitu tu, lakini alimwombea yule marehemu. Kila siku. Nilitamani sakafu inimeze.

Nikamgeukia mke wangu. Nikasema nimekosa. Nimekosa kwa hita, nimekosa kwa kioo, nimekosa kwa shangazi. Sijazoea, ulimi ulikuwa mzito. Nikamwambia nyumba bila yeye hailaliki. Akafuta macho kwa kiganja. Akasema atarudi Jumamosi, kwa gari la mama, nami nitakaa pembeni yake. Sharti moja tu: mikono yangu ikae mapajani mpaka nyumbani. Anataka kuona kama ninaweza.

Mikono mapajani! Mtoto mchanga anaweza.

Jumamosi, 15 Machi

Tulitoka mchana. Yeye kwenye usukani, sanduku lake kiti cha nyuma. Manyunyu. Kioo cha kushoto, cha Daktari, kimesimama wima. Sikukitazama. Mke wangu alikuwa anaimba kwa sauti ya chini, na mimi mikono mapajani, mtu mwenye raha kuliko wote barabarani.

Ila kioo cha kulia kilikuwa kinatikisika. Skrubu tu, imelegea. Nikafumba macho, bado nikawa nakisikia. Tukapita benki, tukapita shule, nikavumilia. Tukaingia mtaa wetu. Paa letu hilo linaonekana! Nikamwomba asimame kidogo tu.

Akauliza kama nina hakika. Nikasema dakika moja. Akasimama. Nikatoa bisibisi kwenye soksi, niliyoiweka kwa dharura tu, nikazunguka upande wake, nikakaza. Alinitazama dirishani bila kufoka wala kununa, kama mtu anayemtazama mgonjwa. Kisha akapandisha kioo cha dirisha, akageuza gari na sanduku lake ndani, akaenda zake.

Nimekosa. Najua nimekosa, roho inaniuma, chakula hakishuki hata nikisimama. Lakini lile gari nililitazama mpaka likakata kona, na kioo cha kulia hakikutikisika hata chembe!

Kesho asubuhi naenda kumwomba radhi, kwa dhati. Nitachelewa kidogo, maana lazima nitafute waipa mpya kwanza. Zile za mama zilikuwa zinalia njia nzima, na kuzibadilisha ni kazi ya dakika mbili.