Kitanda cha Birdie Matopeni

Jumatatu, 2 Desemba

Jumamosi ndiyo siku. Ukoo mzima wa mume wangu unaingia bwawani kuvua samaki aina ya besi. Sheria ni ya marehemu baba mkwe: atakayeleta besi mzito kuliko wote, Krismasi hagusi sufuria. Anakula, analala. Wengine wanapika na kuosha vyombo vya ukoo mzima. Sijalala usiku mzima tangu mwanangu Birdie azaliwe, na sasa anaota meno. Sitaki zawadi. Nataka kulala mchana wa Krismasi, mlango umefungwa.

Mshindi huwa ni mama mkwe, Verna. Kila mwaka! Na wala halali. Anakaa jikoni kukosoa mchuzi wetu.

Mwaka huu hapati. Mwezi wa Julai nilizamisha siri yangu kwenye kijighuba cha bwawa karibu na daraja: mti wa Krismasi iliyopita na kitanda cha Birdie kilichovunjika, nikavifunga kwenye matofali ya saruji. Maji yalinifika kifuani. Besi hupenda kujibanza penye matawi. Sasa hivi wamejaa humo kama watu kanisani siku ya Pasaka. Hata Clete, mume wangu, hajui.

Jumanne, 3 Desemba

Nimeonewa!

Nimekwenda kukagua siri yangu, Birdie mgongoni. Maji hakuna. Matope matupu. Kitanda kimesimama wazi kama kinauzwa, korongo yuko juu yake. Jina BIRDIE, nililolipaka mwenyewe kwa rangi ya waridi, linasomeka kutoka darajani.

Watu wa kampuni ya umeme, wenye bwawa, wameshusha maji ya bwawa bila hata kuniambia. Clete anasema huyashusha kila mwaka majani yakianza kupukutika, ili mvua za baridi zikute nafasi. Tangu babu yake akiwa mtoto. Eti hata mbwa wetu anajua. Mbwa wetu analala usiku, kwa nini asijue?

Jioni Verna akapiga simu. Akauliza kwa upole kitanda cha mjukuu wake kinatafuta nini matopeni. Nikasema kilichukuliwa na mafuriko. Akauliza mafuriko gani. Nikasema Birdie analia. Namshukuru Mungu, alikuwa analia kweli.

Alhamisi, 5 Desemba

Mpango mpya: kukiburuta kitanda hadi maji yalipo. Mpango mzuri kabisa. Matope ndiyo yaliyouharibu. Nilizama hadi magotini, buti moja likabaki huko. Shemeji Royce akapita darajani na gari lake. Akaegesha. Akamaliza mkate wake kwanza. Ndipo akatoa kamba.

"Shemeji," akaita, "siku hizi kambare unawavua kwa miguu?"

Kufika jioni, kila anayenunua chambo pale kituo cha mafuta alikuwa na habari zangu. Verna akaniletea supu ya kuku na soksi za sufu. Akaniambia maji yakiwa baridi hivi besi huwa wavivu kama wazee: chambo kiburute polepole, halafu kiache kitulie. Nani alimwomba ushauri? Supu nimeinywa kwa hasira. Yote.

Jumamosi, 7 Desemba

Tumepiga kura kwenye kofia ya marehemu nani apande na nani. Mimi na Verna, mashua moja. Ni njama, naapa.

Akatupeleka juu ya nyumba ya bibi yake, iliyofunikwa na maji lambo lilipojengwa. Dohani ya mawe bado iko chini, na besi hukaa kuizunguka. "Bibi bado ananilisha," akasema. Haya ni haki? Mwenzako ameachiwa urithi wa samaki, wewe umeachiwa sahani za harusi!

Nikatupa chambo, nikavuta haraka. Nikatupa, nikavuta. Wapi! Verna akapata wa ratili nne. Jua likatoka kidogo, mashua ikawa inabembea. Nikafumba macho, dakika tu.

Ufito wangu wa kuvulia ukanikurupua. Besi! Mdomo wake ungemeza kofia ya Birdie. Ratili sita na zaidi. Kugeuka, namkuta Verna ameshika koti langu kwa nyuma. Kumbe muda wote niliolala alikuwa amelishika, nisitumbukie.

"Mwanangu," akasema, "umekiacha chambo kilale, samaki akakifuata. Nawe ungejifunza kulala."

Nimejifunza, ndiyo. Samaki wake tukamweka hai kwenye tangi la maji la mbele ya mashua, wangu la nyuma. Pampu ya nyuma ilikuwa inalia vilevile kama Birdie, na safari ya kurudi ni ndefu. Nikaizima ili nisinzie kidogo. Kumbe maji ya tangi huvuja muda wote, na pampu hiyo ndiyo inayoyajaza tena! Tulipofika gatini tangi lilikuwa kavu, besi wangu amekufa. Maji yananikimbia mara ya pili wiki hii!

Sheria ya marehemu: samaki mfu hapimwi. Royce akavua kofia akamwombea dua. Verna ameshinda. Besi wangu tumemkaanga, tukamla na mkate wa mahindi. Alikuwa mtamu, jambo lililoniudhi zaidi.

Jumapili, 8 Desemba

Baada ya kanisa Verna akaja kumchukua Birdie. Akanivua viatu kwa mkono wake, akafunga mapazia. "Lala," akasema. "Na Krismasi, mahali pangu pachukue wewe. Vyombo nitaosha mimi."

Nikamwambia hapana, asante. Ushindi wa kuhurumiwa siutaki. Nitaosha vyombo, na kila sahani itanisikia.

Gari lake lilipokata kona tu, nikavaa buti za Clete nikaenda bwawani. Sikuacha mchana mzima upotee kwa usingizi. Nimekwishapata mahali pazuri: palepale kilipo kitanda cha Birdie. Julai maji yatanifika kifuani. Mara hii nazamisha kitanda cha watu wawili, na jina sipaki.