Oili ya Klachi ya Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti

Baba mkwe ametangaza. Macho yamegoma, magoti yamegoma, kwa hiyo Jumapili pikipiki yake kubwa nyeusi itapata mmiliki mpya. Mtu anayejua kuitunza, amesema. Mzee hana mtoto wa kiume. Ana wakwe wawili: mimi, na mwanyumba wangu, yaani yule aliyemwoa dada wa mke wangu. Sote wawili tuliinamisha vichwa kama watu wasio na tamaa. Unafiki mtupu!

Niseme ukweli, maana hapa hakuna anayesoma: naitaka. Si kwa kutamba tu, ingawa nitatamba. Ndiyo aliyompakia mama mkwe walipokuwa wachumba. Akimpa mtu pikipiki ile, ni kama amemwambia wewe ni mwanangu. Mimi baba yangu alifariki kabla sijamjua sura. Basi, tuyaache hayo.

Jumanne, 5 Agosti

Mwanyumba kaniwahi! Nimemkuta ameshaiosha, anasugua rimu kwa mswaki. Mswaki! Mzee kakaa kwenye kiti, anatabasamu. Mwanyumba akanisalimia kwa adabu zote, akauliza kama nina kitambaa cha ziada. Nimempa. Ningefanyaje?

Ila nimepata wazo. Yeye achukue nje, mimi nichukue ndani. Mzee mwenyewe kalalamika kwamba oili ya praimari haijaangaliwa siku nyingi. Nikaenda kwa fundi wa mtaani kwetu, mbali na masikio ya watu. Kumbe pikipiki hii si kama hizi zetu. Injini ina oili yake, giaboksi ina yake, na kile chumba cha ubavu wa kushoto, chenye klachi na mnyororo, kina yake. Hiyo ndiyo praimari. Unafungua kifuniko cha duara, unachungulia: oili iguse ukingo wa chini wa klachi. Imepungua? Unaongeza. Kazi ya kitoto!

Fundi akasisitiza pikipiki isimame wima kabisa, mtu aishikilie. Mtu gani? Nikimwita mwanyumba tutagawana sifa. Sitaki mtu.

Jumatano, 6 Agosti

Mzee kaenda kupimwa macho, mwanyumba yuko kazini. Uwanja wangu! Pikipiki ilikuwa kwenye stendi yake ya pembeni, imelala kushoto. Nimechuchumaa, nimefungua boliti, nimevuta kifuniko. Oili ikanimwagikia miguuni! Kiatu, soksi, sakafu. Mama mkwe akatokea, akatazama sakafu, akatazama kiatu, akaniletea maranda ya mbao nimwage juu. Akasema tu kwamba mzee kazi hii huwa haifanyi peke yake. Nikamshukuru. Naamini siri yangu iko salama.

Jioni nimewaza sana. Tatizo ni nini? Kulala kushoto. Basi ilale kulia! Akili hizi si za kuazima.

Alhamisi, 7 Agosti

Ushindi! Nimeiegemeza ukutani, upande wa kulia. Nimefungua: hata tone halikumwagika. Nimechungulia kwa tochi, oili siioni, iko huko mbali chini. Maskini mzee, alikuwa anaendesha karibu kavu! Nimemimina. Bado. Nimemimina tena. Chupa nzima imekwisha ndipo ikagusa klachi.

Baadaye nikamwambia mzee, kwa upole, mwanyumba akiwepo, kwamba kung'aa nje si kubaya, lakini uhai wa chombo uko ndani. Mzee akanishika bega. Sijapata siku tamu hivi tangu nioe.

Ijumaa, 8 Agosti

Sikufanya kitu. Nilipita tu kuiangalia. Mwanyumba naye alikuwa anapita.

Jumapili, 10 Agosti

Aibu! Aibu ya mwaka!

Familia nzima uani. Mzee akasema mimi niizungushe kwanza. Mimi kwanza! Nikawasha, nikabana klachi mpaka mwisho, nikatia gia. Ikaingia kwa kishindo, na pikipiki ikaanza kwenda. Klachi nimeibana! Ikaendelea, taratibu, kwa heshima zake zote. Natafuta nyutro nitoe gia, nyutro haipatikani. Watu wanapiga makofi, wanadhani ni mbwembwe. Breki nimeikumbuka nikiwa tayari nimeingia kwenye shuka la mama mkwe lililoanikwa. Kamba ikakatika, injini ikazimika, nami nikabaki juu ya pikipiki nimefunikwa gubigubi.

Humo ndani nikasikia mtu anacheka. Mzee. Alicheka mpaka akapaliwa, mama mkwe akawa anampigapiga mgongoni. Akaniuliza niliipima imesimamaje. Nikamwambia. Akasema ikilala kulia oili hukimbilia huko, unajaza kupita kiasi, na klachi ikizama haiachii hata ukiibana. Akaongeza kwamba mwaka alioinunua, yeye naye aliiegemeza ukutani, na ilimpeleka mpaka jikoni kwa mama mkwe wake.

Akaagiza mwanyumba ashike usukani aisimamishe wima, mimi nifungue. Nikaweka beseni. Ziada ikabubujika yenyewe, iliyobaki nikainyonya kwa bomba la sindano mpaka ikawa inagusa ukingo tu. Mwanyumba jasho linamtiririka, mikono inatetemeka, lakini hakuiachia. Mzee kainama katikati yetu na tochi yake, mkono mmoja kauweka begani kwangu. Nilitamani kazi isiishe.

Kisha akatoa hukumu. Pikipiki italala kwa mwanyumba. Ufunguo utalala kwangu. Akasema hii haijawahi kuwa pikipiki ya mtu mmoja: kila alipopima oili, mama yetu ndiye aliyeshika usukani, tena alikuwa hatetemeki. Akatuita wanangu. Alitutaja wote wawili kwa mpigo, lakini mimi nilikuwa nimesimama karibu zaidi.

Nililia kidogo. Nimesingizia oili.

Jumatatu, 11 Agosti

Mwanyumba si mtu mbaya. Jana alinisindikiza mpaka kona, tukacheka habari ya shuka hadi tukashika mbavu. Tumekubaliana Jumapili tumtoe mzee matembezi, tumpakie kwa zamu.

Nimemwambia mwanyumba tukutane mchana. Mimi nitafika kwake asubuhi, kabla hajaamka, na shemeji, mke wake, atanifungulia geti.

Nimeshanunua chupa nyingine ya oili. Mzee akipanda nyuma, uzito unaongezeka, na uzito ukiongezeka oili nayo lazima iongezwe. Ukuta wao ni imara, nimeukagua. Sitahitaji mtu wa kunishikia.