Saini Yangu kwenye Mafuta ya Kanada

Jumatatu, 11 Novemba 2013, Beijing
Faili limetua mezani. Benki yetu ya serikali iikopeshe kampuni ya mafuta, ya serikali pia, ikanunue kampuni nzima huko Kanada. Mafuta yenyewe yamenasa ndani ya mchanga! Kamati ya mikopo inakaa Alhamisi. Wajumbe tisa, mimi mmojawapo. Anayesaini anaubeba mkopo mpaka kaburini, hata akistaafu wanamfuata. Wiki iliyopita wakaguzi wa nidhamu wa Chama walimchukua Mzee Pan wa hapa ofisini kwa saini ya miaka sita nyuma. Chai yake ilibaki inafuka mvuke. Nikikataa, Mkurugenzi Kuang ataniita mkwamishaji wa mipango ya taifa. Nikikubali, yaliyomkuta Pan. Naogopa mno. Tumbo linasokota.

Tumbo! Kumbe dawa ninayo.

Jumanne, 12 Novemba
Daktari Xiong, shemeji wa shemeji yangu, atanilaza kesho mpaka Ijumaa kwa uchunguzi. Mke wangu Huiqin kaniuliza, mwanamume mzima unakimbia karatasi? Nikamjibu kwamba waliofungwa wote walianza na karatasi. Ofisini nimeshinda nimeshika tumbo. Geng wa mikopo ya madini, mjumbe mwenzangu na mnafiki namba moja, akaulizia hospitali gani. Nikamtajia, ili anionee huruma mbele ya Kuang.

Jumatano, 13 Novemba
Wodi ya tumbo. Pajama za mistari, uji wa mtama usio na sukari. Raha tupu! Saa tisa mlango ukafunguka, akasukumwa ndani Geng kwenye kiti cha magurudumu, anaguna. Vidonda vya tumbo, ati. Ana haya huyu? Jioni wakaja wawili wa idara ya sheria, mmoja ameshika kiuno badala ya tumbo. Hatukusalimiana. Kufikia chakula cha jioni tulikuwa wajumbe sita.

Alhamisi, 14 Novemba
Saa nne Kuang kaingia na kapu la machungwa, katibu, na faili. Akatuhesabu kwa kidole, polepole. Sita kati ya tisa, akidi imetimia!

“Mzee Lu,” akaniambia, “wewe ndiye mjuzi wa mafuta. Tufungulie kikao.”

Nikaguna. Akamwita Xiong, akamuuliza kama mgonjwa wa tumbo anaweza kushika kalamu. Xiong, mwoga kuliko mimi, akasema anaweza sana. Nikasaini wa kwanza. Nikalikoroga jina hata likawa halisomeki. Kuang akanirudishia kalamu, niandike upya, lisomeke.

Jumatatu, 18 Novemba
Mabomba ya joto yamewashwa tangu Ijumaa, mimi natetemeka tu. Asubuhi wanaume wawili wa makoti meusi walishuka kwenye lifti yetu. Nikavua saa, nikamkabidhi Geng ampelekee Huiqin. Geng akalia machozi ya kweli. Kumbe mafundi wa mashine ya kunakili!

Mchana Kuang kanisifu mbele ya wote, eti bila mimi akidi isingepatikana. Zawadi yangu: faili jipya, kampuni ya gesi ya Brazili. Kamati ni Alhamisi.

Safari hii mgongo. Maumivu ya mgongo hakuna mashine ya kuyapima. Nimempigia Xiong, akasema niwahi: wodi ya mifupa imebaki na vitanda viwili, vingine vyote vimeshikwa leo na watu wa benki. Nimemwambia anishikie cha dirishani.